Mlezi wa Wiki Sita

Ukitoka mjini Unguja kwenda uwanja wa ndege, na ukakata kuelekea baharini kabla hujafika, unaingia Mbweni. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, inayowafunza vijana umeme, ujenzi na ufundi wa magari, na hapo pia ndipo wanaposoma wanafunzi wa afya wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Karibu na maji yamesimama magofu ya skuli ya zamani zaidi kuliko zote mbili, na hadithi yake inanisaidia kueleza jambo linalonishughulisha: watu wanaotoka nchi za mbali, bila mshahara, kuja kuwalea vijana wetu katika mawazo ya biashara.

Mwaka 1871 wamisionari wa Kiingereza wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) walinunua shamba Mbweni. Waliwapa makaazi humo watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wakajenga skuli ya wasichana iliyoitwa Mtakatifu Maria. Mwaka 1877 akafika Caroline Thackeray, wa ukoo mmoja na mtunzi wa riwaya William Makepeace Thackeray, akaiongoza kwa miaka mingi. Watu wa misheni ile hawakuajiriwa kwa mshahara wa kawaida, walipewa cha kujikimu tu, kwa hiyo kwa lugha ya leo bibi huyu alikuwa mtu wa kujitolea. Ila hakurudi kwao. Aliishi Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926, takriban nusu karne baada ya kushuka chomboni.

Namtaja kwa sababu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kukaa kwake. Alikuwa katika misheni ambayo askofu wake, Edward Steere, alikwisha kuchapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na ambayo ilimtaka mgeni aijue lugha ya wenyeji kabla ya kutaka kusikilizwa. Ya pili ni kwamba kukaa huko kote hakukumpa msichana wa Mbweni nafasi ya kuulizwa anataka nini. Waliofaulu darasani walielekezwa ualimu na kuolewa na walimu, na wengine wakaelekezwa kazi za mkono. Njia ilikwisha kuchorwa na mwenye skuli. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba muda mrefu peke yake unatosha. Lakini siwezi pia kuudharau, na nitaeleza kwa nini.

Wageni waliojitolea hawakukoma na wamisionari. Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea watu wake, na kundi la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba. Waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Hapa Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, walikuja Wajerumani wa Mashariki waliosaidia kujenga maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani, na madaktari wa Kichina ambao timu zao zinapokezana hadi leo. Wote hawa walikuja na kazi inayoonekana. Barabara ilipimwa au haikupimwa, ghorofa lilisimama au halikusimama, na mgonjwa alitibiwa.

Mlezi wa wazo la biashara anakuja na kazi ya namna nyingine. Wazo halina msingi wala paa la kukaguliwa siku anapoondoka. Kwa kawaida anafika mwezi wa sita au wa saba, vyuo vya kwao vinapofunga, anakaa wiki nne au sita, pengine kumi. Anaendesha warsha na kuwagawa wanafunzi katika vikundi. Wanaandika mawazo kwenye vikaratasi vya rangi, wanachagua moja, wanaandaa andiko la biashara, na wiki ya mwisho linafanyika shindano mbele ya majaji. Mshindi anapata cheti na kianzio kidogo. Picha zinapigwa. Mgeni anapanda ndege na wanafunzi wanamlilia kwa kweli, maana walipendana.

Nasema kwa uzito wote kwamba upendo huo si wa kubeza. Kijana wa mwaka wa pili ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu kusema "wazo langu ni hili" hutoka pale akiwa mtu mwingine. Tatizo langu liko kwenye kalenda ya biashara yenyewe. Mgeni anakuja wakati wa wazo, na wazo ndicho kipande ambacho kijana wa Unguja ana uhaba nacho mdogo zaidi. Anaondoka pale ambapo ugumu ndiyo kwanza unapiga hodi.

Tuchukue mwani, kwa sababu mwani ndio wazo linalorudi kila mwaka. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu iliuzwa kwa mamia ya shilingi tu, huku aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi, ikifa kila maji ya bahari yanapozidi joto. Mtu yeyote mwenye akili anaona pa kushika: usiuze mwani, uza kitu kilichotengenezwa kwa mwani. Na waliliona wenyewe mapema. Dk. Flower Msuya, wakati huo mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, alianzisha mtandao wa wakulima na watafiti wa mwani mwaka 2006, na wanawake wakafundishwa kuusaga unga na kutengeneza sabuni. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti kinajulikana kwa kazi hiyo. Basi wazo lilikwisha kuwapo, na jina la kikundi hicho linatosha kueleza lilipita katika hali gani.

Sasa tuseme mwanafunzi wa Mbweni ameshinda shindano kwa wazo la sabuni ya mwani yenye mafuta ya nazi na karafuu. Mgeni ameondoka wiki iliyopita. Sabuni ya kwanza imechemka vizuri, ya pili imekatika, kwa kuwa magadi yalipimwa kwa kijiko. Kila mche unahitaji wiki kadhaa kukomaa kabla haujauzwa, na katika wiki hizo hakuna hata shilingi inayoingia. Anakwenda kusajili jina kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Anakwenda Taasisi ya Viwango ya Zanzibar na anaambiwa lebo haina uzito halisi, wala tarehe, wala orodha ya vilivyomo. Anachapisha upya. Vifungashio alivyoviona kwenye andiko lake haviuzwi Darajani, vinaagizwa Dar es Salaam, na muuzaji hauzi chini ya elfu moja. Anamwendea mwenye duka la vitu vya watalii, anamwamkia kwa adabu, naye anajibiwa kwa upole uleule:

"Marahaba, mwanangu. Niachie kwa mali kauli. Ikitoka nitakupigia."

Mali kauli ndiyo mtihani wa biashara changa visiwani. Bidhaa imetoka mkononi, fedha haijaingia, na simu ya mwenye duka inaweza kuja baada ya wiki au baada ya masika. Hoteli nayo inataka sabuni mia tatu zenye ukubwa mmoja kila mwezi, inataka risiti, na pengine italipa baada ya siku 30 au 60. Hapa ndipo mwanafunzi anapohitaji mtu wa kumuuliza: nikubali mali kauli kwa maduka mangapi? Nikatae lini? Bei ya hoteli niiweke vipi ili hizo siku 60 zisinimalize? Hilo ni swali la mlezi hasa, na linaulizwa mwezi wa kumi na moja, wakati mlezi yuko darasani kwao.

Kuna tafiti mbili za Afrika Mashariki ambazo ningependa kila anayepanga safari kama hizi azisome kwa pamoja, kwa sababu moja peke yake ingempotosha.

Ya kwanza ilifanywa Dandora, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2018. Watafiti Brooks, Donovan na Johnson waliwachukua wanawake wenye biashara ndogondogo. Wengine waliwapa mafunzo ya darasani, wengine wakawaunganisha na mfanyabiashara mzoefu wa mtaa huohuo awe mlezi wao. Darasa halikuongeza faida. Waliopata mlezi wa mtaani faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Na siri yake haikuwa kubwa: mlezi alijua duka la jumla lenye bei nafuu, alijua nani anauza nini kwa kiasi gani. Lakini wawili hao walipoacha kukutana, faida ile nayo ilififia.

Ya pili ilifanywa Uganda, kwa wajasiriamali 930, na Anderson, Chintagunta na Vilcassim. Humo walezi walikuwa wageni kabisa, watu wa kujitolea waliobaki makwao na kuzungumza na mwenye biashara kwa simu na intaneti kwa miezi kadhaa. Mauzo ya waliopata walezi hao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 27. Mgeni alimsaidia mwenye biashara kuitazama kazi yake kwa jicho la mtu asiyeizoea, akaona namna ya kujitofautisha na jirani anayeuza kitu kilekile.

Ukizisoma juujuu, tafiti hizi zinapingana: moja inamsifu mwenyeji, nyingine mgeni. Mimi nazisoma kama mikono miwili ya kazi moja. Mwenyeji anajua bei na njia. Mgeni anatoa jicho jipya, na pengine mlango wa soko la mbali. Na zote mbili zinakubaliana katika mambo ambayo warsha za wiki sita zinayakosa: mlezi alikutanishwa na biashara iliyokwisha kuanza kuuza, na manufaa yalikuja kwa kuonana au kuzungumza mara kwa mara. Katika utafiti wa Uganda, hata kupanda ndege hakukuhitajika.

Jambo hili si geni kwetu. Kwa wazee wa pwani, binti akivunja ungo alipewa somo. Somo hakuwa mwalimu wa wiki sita. Alimfunda mwari, akawepo siku ya harusi, akawepo mtoto wa kwanza alipozaliwa, akaitwa ndoa ilipotikisika. Na mwari akiharibikiwa, aliyeulizwa ni somo. Upande wa ufundi palikuwa na mwanagenzi. Kijana aliyewekwa kwa fundi seremala au kwa mjenzi wa majahazi kule Nungwi alianza kwa kufagia na kutumwa dukani. Watu wanaona kutumwa dukani kama uonevu. Mimi naona lilikuwa somo la kwanza la biashara: mwanagenzi alijua bei ya misumari, nani anakopesha, nani anapunja mbao, miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa randa. Dandora imepima kwa takwimu kile ambacho karakana ya Nungwi ilikijua kwa mazoea.

Sasa nirudi kwa kalenda, maana huko ndiko mipango mingi inakoharibikia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kisiwa hiki kina saa zake. Mkulima wa mwani anakwenda shambani kwa bamvua, siku ambazo maji yanatoka mbali. Ukimwitia kikao siku ya bamvua unamtaka aache mavuno yake. Mwezi wa Ramadhani watu wanafunga, biashara ya mchana inalala na ya usiku inaamka, na siku za kuelekea Idi ni msimu mkubwa wa mauzo ya nguo na vyakula. Masika, mwezi wa nne na wa tano, hoteli nyingi zinapunguza kazi au zinafunga, na mwenye kuuza kwa watalii anakula akiba. Watalii wanajaa tena kuanzia mwezi wa saba. Mgeni anayefika mwezi huo anaona mji umejaa wateja na anaandika makadirio ya mauzo kwa jicho la Agosti. Mwanafunzi anayajua masika, lakini mbele ya mtu aliyetoka mbali kwa ajili yake anaona haya kumsahihisha.

Haya hiyo inastahili kuelezwa. Kijana aliyelelewa Unguja hambishii mkubwa wala mgeni hadharani. Akiambiwa "una maoni gani?" mbele ya watu, atajibu kwamba ni vizuri. Mlezi asiyejua hili anaihesabu heshima kuwa ridhaa. Kiingereza kinazidisha hali hiyo, kwa kuwa kijana anayefikiri haraka kwa Kiswahili anaonekana mzito anapotafuta neno la kigeni, na mshindi wa shindano anaweza kuwa yule mwenye Kiingereza chepesi huku mwenye biashara nzuri akikaa nyuma. Chuo Kikuu chetu cha Taifa kimewafundisha wageni Kiswahili kwa miongo mingi, tangu enzi za Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI) pale Vuga. Wiki nne za Kiswahili kabla ya kukutana na mwanafunzi hata mmoja zingemfaa mgeni kuliko kitabu chochote cha ujasiriamali. Na kama hana wiki nne za kutoa kwa ajili ya lugha, ana haki ya kujiuliza kama ana wiki sita za kutoa kwa ajili ya ulezi.

Halafu kuna mtaji. Maandiko mengi ya kigeni yana ukurasa wa mkopo: kiasi, riba, miaka ya kulipa. Wengi wa wanafunzi wa Zanzibar ni Waislamu na kwao riba ni haramu. Mwanafunzi anaujaza ukurasa huo kwa ajili ya majaji, akijua hatakwenda benki. Mlezi angeuliza, angeambiwa habari za mudharaba, ambapo mmoja anatoa mtaji na mwingine kazi na faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana. Angeambiwa kwamba benki zetu zina huduma zisizo na riba. Angeambiwa pia juu ya upatu wa kina mama, ambao umeanzisha biashara nyingi mitaani bila andiko hata moja. Hapo mwanafunzi angekuwa mwalimu kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ingeubadilisha uhusiano wao wote.

Kuna mipango iliyokwisha kujaribu kurekebisha baadhi ya haya. Mpango wa Uingereza wa ICS (International Citizen Service), uliodumu takriban muongo mmoja kuanzia mwaka 2011 na kufanya kazi Tanzania pia, uliwaweka vijana wa Kiingereza na vijana wenyeji katika timu moja, wakaishi kwenye nyumba za wanavijiji kwa miezi kama mitatu. Ule uwili niliupenda. Mwenyeji hakuwa mkalimani, alikuwa mwenzake, naye alibaki nchini mwenzake alipoondoka. Uholanzi ina PUM, iliyoanza mwaka 1978, ambayo hutuma wataalamu wazoefu kwa biashara iliyoomba yenyewe msaada kwa tatizo lake maalumu. Mtu aliyefanya kazi ya vifungashio au ya kuoka mikate kwa miaka thelathini anakuja kwa siku chache kutazama tanuri lako. Anayeomba ndiye anayeamua swali. Ukilitazama hilo unaona ni kinyume kabisa cha skuli ya Thackeray, ambako swali na jibu vyote vilikuwa vya mwenye nyumba.

Na tusiwasahau wetu walio ng'ambo. Mzanzibari wa Maskati au wa London anayejua bei ya karafuu na bei ya rafu katika duka la vipodozi, anayeelewa mali kauli bila kutafsiriwa na anaweza kumgombeza kijana kwa Kiswahili bila kumvunjia heshima, ni hazina tunayoitumia kwa misiba na michango ya misikiti na visima, ambayo ni mambo ya kheri, lakini mara chache tunamwomba saa moja kwa wiki ya akili yake.

Kama ningekuwa na sauti katika vyuo vya Mbweni ningeanza na jambo dogo. Warsha za mawazo ziendeshwe na walimu wetu na wafanyabiashara wa Darajani na Mwanakwerekwe, na wageni wasiitwe huko. Mwanafunzi auze kwanza, hata kwa hasara, kwa miezi mitatu. Atakayekuwa bado anauza ndiye apewe walezi wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa mbali, na barua ya kumwita yule wa mbali aiandike mwanafunzi mwenyewe. Naiona barua hiyo hivi: nina miche mia mbili ya sabuni iliyokomaa, maduka mawili yamechukua kwa mali kauli na moja limelipa, lebo imekataliwa mara moja, hoteli moja inataka ukubwa usiobadilika nami bado nakata kwa kisu. Nahitaji mtu anayejua kukata sabuni na kupanga bei. Tuzungumze kila Jumatano saa mbili usiku kwa saa za Unguja, kwa miezi sita. Ukiweza kuja, njoo baada ya Idi, usije siku za bamvua, kwa kuwa siku hizo nipo Paje na bibi yangu tunavuna mwani.